Barua kwa somo yangu: pima uso, usipime shela

Tanga, Jumapili jioni

Somo yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Mama hajambo, miguu tu ndiyo inayomsumbua, na anakusalimu wewe na wanao wote. Sauti ulizonitumia nimezisikiliza zote, na ile ya kamera nimeirudia mara mbili kwa jinsi furaha yako ilivyonigusa. Hongera sana kwa kununua kamera. Kuwa imekwisha kutumika na mtu mwingine si neno, hata hii ninayoendeshea maisha niliinunua kwa mtu. Ila maswali yako ni mengi na kwenye simu ningesahau nusu, ndiyo maana nimekaa nikuandikie.

Kabla hujapiga hata picha moja, chomoa lenzi, washa tochi ya simu, mulika upande mmoja uchungulie upande wa pili. Ukiona vijiuzi vyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, mrudishie aliyekuuzia mapema. Huku pwani kuvu inaua lenzi nyingi kuliko kuanguka. Ukiikuta safi, usiifungie kabatini ndani ya begi la ngozi. Itie kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Watu watakwambia utumie mchele. Mimi siutaki, una vumbi. Na kila ukitoka ufukweni, futa mwili wa kamera kwa kitambaa ulichokichovya maji baridi ukakikamua sana, maana chumvi haionekani lakini inakula.

Sasa lile swali lililokutia unyonge: kwa nini picha za maulidi kanzu zinaonekana na nyuso hazionekani. Kosa si la sura za watu wa Kilwa, wala kamera yako si mbovu. Kamera haijui inatazama nini. Inapima mwanga wote unaoingia, kisha inajitahidi picha nzima iwe na mwanga wa kati na kati, kijivu kama saruji iliyokauka. Ukiijazia kanzu nyeupe hamsini, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, basi kanzu zinakuwa za kijivu na nyuso zetu zinazama gizani. Ukiijazia mabuibui meusi inafanya kinyume chake: inaongeza mwanga, buibui linapauka na uso unaungua. Tafuta kitufe chenye alama ya +/-. Palipo na weupe mwingi, panda hadi +1, hatua moja ya mwanga zaidi. Palipo na weusi mwingi, shuka hadi -1. Ukilishika hili, umeshika nusu ya kazi, kwa sababu utalikuta kila mahali, kwenye harusi, kwenye mchanga, hata kwenye sahani ya wali.

Mimi nilijifunza kwa uchungu. Harusi yangu ya kwanza ya kulipwa, bi harusi alikuwa mweusi wa kung'aa, na shela lake jeupe pe, refu mpaka chini. Nilipiga picha zaidi ya mia nne, na kwenye kioo kidogo cha kamera niliona shela zuri nikaridhika. Nilipompelekea mama mtu, alizipitia moja moja, akafika katikati akaniuliza kwa upole, "Mwanangu umemficha wapi?" Nilirudi nyumbani nikajaribu kuzing'arisha kwenye kompyuta. Ngozi ikatoka ya majivu, imejaa chengachenga. Yule mama alizichukua hivyo hivyo na akanilipa hela yangu yote, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Msichana anaolewa, na picha anazobaki nazo ni za nguo.

Tangu siku ile napima uso. Fanya hivi: weka upimaji wa nukta, ule unaopima mahali padogo tu katikati, elekeza kwenye shavu, kisha uufunge mwanga huo, kamera isiubadilishe tena, kabla hujapanga picha yako. Lakini uwe mwangalifu, somo. Shavu jeusi nalo kamera itataka kulifanya kijivu, yaani italing'arisha kupita lilivyo. Kwa hiyo ukishapima uso mweusi, shuka kidogo, theluthi mbili ya hatua mpaka hatua moja kamili, hadi uione ngozi ile unayoijua kwa macho yako. Shela linaweza kuungua kidogo sehemu fulani. Hifadhi picha kwa RAW, faili ghafi lenye kila kitu kamera ilichokiona, badala ya JPEG iliyokwisha kubanwa, utaweza kurudisha sehemu kubwa ya nyuzi zake baadaye. Na kama ni lazima kimoja kiumie, heri kiumie kitambaa.

Harusi ya mtoto wa dada yako hiyo ya Mfungo Mosi usiikatae. Una kitu ambacho wapiga picha wengi wa mjini hawana: wewe ni mwanamke, utaingia ndani. Siku ya singo, bi harusi anaposuguliwa mwili, siku ya hina, upande wa wanawake wakati nikaha inasomwa msikitini, huko ndiko harusi yenyewe iliko, na mwanamume mwenye kamera hapiti. Basi uistahi nafasi hiyo. Kabla ya siku kaa na mama wa bi harusi mkubaliane picha zipi ni za kuonyesha na zipi za kubaki ndani. Mimi natumia kadi mbili tofauti za kuhifadhia picha, ya ndani na ya nje, na ile ya ndani namkabidhi mwenye harusi mkononi. Sijawahi kuweka mtandaoni picha ya mwanamke aliyevua buibui akiwa mahali alipojiona yuko salama, hata awe amependeza vipi, na sitaweka.

Chini ya turubai kuna mtego. Turubai la bluu linafanya watu wote wawe bluu, la kijani linawafanya kama wagonjwa. Usihangaike na flashi. Wasogeze maharusi hadi ukingoni mwa turubai, hatua moja tu ndani ya kivuli, nyuso zikitazama nje. Mwanga wa uwanjani utawaingia laini kabisa. Ikishindikana, piga kwanza karatasi nyeupe ukiwa hapo hapo chini ya turubai, uiambie kamera kwamba huo ndio weupe.

Usiku ukumbini ndipo utakapokutana na mistari. Utaona picha moja nzuri, inayofuata ina mkanda mweusi umekatiza tumboni kwa bwana harusi. Ni taa. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na taa nyingi za bei rahisi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, haraka mno kwa jicho lakini si kwa kamera. Weka shata, yaani muda ambao kamera inafungua jicho lake, iwe 1/100 ya sekunde, au 1/50 kama watu wametulia, mistari itaondoka au itapungua sana. Ukitumia flashi, usimmulike mtu usoni. Ielekeze darini kama dari ni jeupe, mwanga urudi kutoka juu na mbele yake. Na picha ya ukoo, ile ya watu thelathini safu tatu, usiipige kwa f/1.8, tundu la lenzi likiwa wazi sana. Nenda f/8, tundu dogo, ongeza ISO, ule wepesi wa kamera kuona mwanga, kadiri itakavyotakiwa, la sivyo mabibi waliokaa mbele watakuwa wazi na mashangazi wa nyuma ukungu mtupu, na hao mashangazi ndio watakaouliza.

Picha za mtu mmoja ndizo ninazozipenda kuliko zote, na kwa hizo huhitaji studio. Kaa kitako nikwambie studio bora ni ipi: ni mlango. Mkalishe mtu hatua moja ndani ya mlango ulio wazi, jua likiwa upande mwingine wa nyumba, atazame nje kwa mshazari. Nyuma yake giza la ukumbi, mbele yake mwanga mpana wa uani. Ngozi nyeusi inapenda mwanga mpana, kwa sababu umbo la uso wetu linachorwa na mng'ao: pale kwenye paji, kwenye mfupa wa shavu, kwenye daraja la pua. Ndiyo maana simpaki mtu poda nyingi wala simfuti mpaka akauke. Mafuta ya nazi kidogo yanafanya kazi ambayo hakuna taa inayoiweza. Upande wenye giza ukizidi, mpe mtoto shuka jeupe alishike jirani na uso, nje ya picha, utaona jicho linafunguka.

Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948, alipigia watu uani kwake kwa mwanga wa jua, na pazia lake la kwanza nyuma ya watu lilikuwa shuka la kitanda chake mwenyewe. Tena filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida alipiga picha moja tu kwa kila mteja. Ukizitazama picha zake leo huoni umaskini wa vifaa hata chembe. Wewe una shuka, una ua, na una khanga za kila rangi.

Kwa uso tumia ile lenzi ya 50 mm, si 18. Ukimsogelea mtu na lenzi pana, pua inakua na masikio yanakimbilia nyuma. Fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu nawe. Na zungumza naye. Mwambie akusimulie jinsi anavyopika kitu fulani. Mikono itaanza kusema, na uso utafuata.

Nakuonea wivu mzuri kwa kuishi Kilwa Masoko. Magofu ya mji wa kale wa Kilwa Kisiwani yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na wewe ni kuvuka tu kwa mashua baada ya kuchukua kibali. Lakini usiende saa sita. Jua la utosini linalilaza lile jiwe la matumbawe, ukuta wote unakuwa bapa kama karatasi. Nenda asubuhi na mapema au baada ya saa kumi, jua linapopita ubavuni mwa ukuta na kila tundu la tumbawe linapata kivuli chake. Ndani ya Msikiti Mkuu, palipo na matao na kuba, kuna giza na nje kuna weupe mkali, kamera haiwezi vyote viwili. Simama ng'ambo ya nguzo mpaka ule uwazi uwe mdogo kwenye picha, au piga picha tatu za mwanga tofauti kamera ikiwa imetulia juu ya kitu, uziunganishe nyumbani.

Kwa ufukwe, kalenda yako ni mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka mbali sana na hupwa katikati ya asubuhi, ndipo unapopata michirizi ya mchanga, ngalawa zimelala ubavu, na akina mama wenye ndoo wakirudi kutoka miambani. Siku za maji mafu utafika ukute bahari haina habari. Mchanga mweupe ni kama kanzu: +1. Na jua likishazama usifunge begi. Huku kwetu giza halichelewi, una dakika kama ishirini tu, lakini dakika hizo mbingu na bahari huwa na mwanga sawa, na kamera inatulia.

Mpira wa wanafunzi wako: shata 1/1000, jua mgongoni kwako, kaa karibu na goli usubiri, usiukimbize mpira. Chakula: weka sahani jirani na dirisha, mwanga utoke ubavuni, flashi izime. Wanyama bila lenzi ndefu usijitese, ila ukibahatika kuwaona nyati na yangeyange, yule ndege mweupe, mgongoni, kumbuka yale yale. Kamera itamwona nyati tu, itaongeza mwanga, na ndege ataungua. Shuka hadi -1, manyoya yatabaki.

Mtaani na sokoni, piga hodi. Inua kamera kidogo, mtazame mwenye mali machoni, akitikisa kichwa shukuru upite. Umempotezea nini? Kesho atakuita mwenyewe. Bandari, kambi na vituo vya polisi viache kabisa bila kibali. Na msibani kamera ibaki nyumbani mpaka wafiwa wenyewe waiombe.

Sasa nakupa kazi ya wiki hii. Piga picha tatu mahali pamoja, mlangoni kwako, saa kumi jioni: sahani nyeupe tupu, buibui jeusi lililokunjwa, kisha binti yako mdogo amevaa sare ya shule. Kila moja ipige mara tatu, 0, +1 na -1. Zitume kwa barua pepe, si WhatsApp, maana WhatsApp kwa kawaida inazibana. Nitakaa nazo nikupigie Ijumaa baada ya swala.

Betri ya pili nimekupatia huku, nitampa kondakta wa basi la Jumatano akufikishie. Nisalimie shemeji na watoto.

Wako wa tangu udogoni,
Somo yako