Mbona mnarudia MRI niliyokwisha kulipia?

Lalamiko hili haliishi mapokezini. Mzazi wa mtoto mwenye thalasemia au selimundu, magonjwa ya damu ya kurithi, analeta CD ya MRI (picha ya sumaku) ya tumbo iliyopigwa kwingine, anaambiwa haifai kupimia chuma kinachorundikana mwilini kwa kuongezewa damu, naye anaona anakamuliwa tu.

MRI ya kawaida huonyesha ini limevimba au la, wengu mkubwa au la. Ini lenye chuma huonekana jeusi, lakini weusi si kipimo. Namba hutoka kwenye T2*, yaani muda wa picha kufifia, kwa milisekunde: sehemu ileile hupigwa picha mfululizo, mara nyingi nane, kila moja ikichelewa kidogo kuliko iliyotangulia, huku mgonjwa amebana pumzi. Chuma kikiwa kingi, picha huzama gizani haraka, na kasi hiyo ndiyo tunayokokotoa; T2* ikiwa ndogo, chuma ni kingi. CD ya picha za kawaida haina cha kukokotoa.

Ini lililojaa sana lina hila yake. Mawimbi huisha kabla ya picha ya kwanza, kompyuta ikasoma kelele tupu na kutoa jibu zuri kuliko hali halisi. Kwa hiyo picha ya kwanza tunaichukua karibu na milisekunde 1. Kwenye moyo tunasoma ukuta unaotenganisha ventrikali mbili, vyumba vya chini vya moyo. Ukuta unaopakana na mapafu unavurugwa na hewa, ukaonyesha chuma kisichokuwepo. Kazi hii haiendi kwa kubonyeza kitufe, na bei yetu imejengwa hapo.

Kwa mashine ya Tesla 1.5 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), moyo wenye T2* zaidi ya milisekunde 20 hauna tatizo la chuma. Kati ya 10 na 20 kimeshaingia. Chini ya 10 uko hatarini kushindwa kazi, hata kama mwenyewe anapanda ngazi bila kuhema. Tesla 3 hutoa namba ndogo zaidi, basi usizilinganishe hivihivi.

Ombi linaloongoza ni "nipigie ini tu, moyo mwakani." Ini husafishika kwa dawa za kutoa chuma mapema, moyo huchukua muda mrefu. Mtu anaweza kuwa na ini lenye chuma chini ya miligramu 3 kwa gramu ya ini kavu huku moyo umejaa. Akipunguza dawa kwa furaha ya jibu la ini, alichookoa kitaishia wodini. Feritini, kipimo cha damu cha akiba ya chuma, peke yake nayo hudanganya: hupanda kwa maambukizi tu, na kila chupa ya damu bado inaingiza chuma takriban miligramu 200.

Kipimo cha chuma pekee hakihitaji sindano ya dawa ya picha. Ukiiona kwenye ankara, uliza. Njoo na ripoti ya awali yenye Tesla na T2*, si muhtasari. Pampu ya deferoxamine, dawa ya kutoa chuma, ivuliwe kabla ya kuingia chumba cha sumaku. Mtoto afundishwe nyumbani kutoa pumzi na kuibana kwa sekunde 15, maana akihema katikati ya picha tunaanza upya.