Bia nayo ipewe heshima mezani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu maana hili jambo limenikaa kifuani toka Jumamosi. Tulienda kula samaki na dada yangu na shemeji kwenye mgahawa mmoja hapa Dar, upande wa baharini, sehemu ya hela kweli. Dada akaagiza waini nyeupe. Aisee, mhudumu alikuja na chupa kaishika na kitambaa, akamwonyesha lebo, akamwambia zabibu zimetoka Stellenbosch kule Afrika Kusini, akazibua pale pale mezani, akamimina kidogo kwenye glasi yenye mguu dada aonje kwanza, alipoitikia ndo akamiminiwa, na ndoo ya barafu ikawekwa pembeni.

Mimi nikaagiza bia ya Safari. "Baridi au moto?" Basi, maswali yameisha. Ikaja imeshafunguliwa huko kaunta, kizibo kimeegeshwa tu juu, na glasi bado inachuruzika maji, nikainusa inanuka samaki na sabuni. Nikamimina, povu likafa hapo hapo, na povu likifa namna ile mara nyingi ujue glasi ina mafuta au sabuni, bia yenyewe haina kosa. Nikaomba nibadilishiwe, yule kijana akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwani bia nayo kaka?" Simlaumu, hakuna aliyemfundisha, nawalaumu mabosi wake. Dada akanisogezea glasi ya waini iliyobaki mezani, kavu, safi, nikamimina humo, povu likasimama vidole viwili, harufu ya shayiri ikapanda vizuri mpaka shemeji akaomba aonje.

Sasa angalia na menyu. Waini kurasa tatu, nchi, mwaka, na ipi inaenda na samaki ipi na nyama. Bia mstari mmoja, "bia za ndani", na bei ni zaidi ya mara mbili ya baa ya mtaani kwetu. Yaani Safari iko sokoni toka 1977, shayiri inalimwa hapa hapa Karatu na Monduli, halafu hata jina haiandikwi! (Na hizo kurasa tatu za waini hamna hata moja ya Dodoma, wakati Dodoma wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, hilo nalo linaniuma.) Sina ugomvi na waini, nainywa, ila mteja wa bia naye analipa.

Halafu watu wanadhani kuonja kwanza ni mambo ya wazungu. Mi nimekulia Kibosho, pale nyumbani mbege ikiiva mwenyeji ndo alikuwa anaonja mbele yenu wote, mjue ni salama na imekaa sawa, ndo kata inaanza kuzunguka kwa wazee, na ikiwa chachu watu wanasema wazi na mpishi anasikiliza. Kwahiyo hii heshima tulikuwa nayo toka zamani kwenye pombe ya ndizi na ulezi, tumeingia mgahawani tukaiacha mlangoni.

Ninachoomba wala hakina gharama. Lete chupa imefungwa, nione tarehe, uifungue mbele yangu. Glasi iwe kavu na isioshwe kwenye beseni moja na sahani za samaki. Mhudumu ajue ipi nyepesi ipi nzito, aweze kumwambia mtu hii itaenda vizuri na nyama choma. Na wakati natoka nilipita nyuma ya jiko nikakuta kreti zimepangwa juani, kuna chupa za kijani humo, na bia ya chupa ya kijani ikipigwa jua haichukui muda inaanza kunuka kama kicheche, ile ya kahawia angalau inavumilia. Wenye mgahawa kama mnasoma hapa, naomba hizo kreti ziingizwe ndani leo leo.

Msomaji wako,
Dar es Salaam