Kwa Dada Yangu, Kuhusu Ile Dola ya Mtakatifu Antoni

Shikamoo dada. Natumaini miguu imepata nafuu na kwamba watoto hawajambo. Nakuandikia mbele za watu kwa sababu simu zangu huzipokei, na kwa sababu wengine tuliokuwa nao Boston Agosti iliyopita wamekwisha kulisimulia jambo hili wapendavyo.

Nilikueleza mapema kwamba Jumapili ya mwisho ya Agosti, huko North End, mtaa wa Waitalia wa Boston, sanamu ya Mtakatifu Antoni wa Padua hubebwa mabegani tangu mchana hadi usiku, bendi zikipiga na karatasi za rangi zikimwagwa kutoka madirishani. Wahamiaji kutoka Montefalcione, mji mdogo wa Italia ambao Antoni ni msimamizi wake, waliianzisha sikukuu hiyo mwaka 1919, na wajukuu wao hawajaiacha. Ulikuja kwa hiari yako. Ulikula, ukacheka na mwanangu, hata ukasema Mama angefurahi, nami nilikushukuru sana moyoni.

Kisha sanamu ikasimama mbele yetu pale Endicott Street, tepe zake zikiwa zimejaa noti za waumini. Mwanangu alinyoosha dola yake, na mzee mmoja wa chama kinachoandaa sikukuu akainama, pini mkononi, ampokee. Ukamshika mtoto kiganja, ukamvuta nyuma, ukasema kwa sauti, "Sanamu haili pesa." Mzee yule hakujua Kiswahili, lakini alielewa, akabaki ameinama na pini yake huku mtoto akilia. Hilo, dada, sijaweza kulisamehe.

Umeokoka, na sijawahi kukukejeli. Hata siku ya ubatizo wako wa maji mengi nilikuwepo, nikakushikia kanga. Ila nakushauri usiite ibada ya sanamu jambo ambalo hukuliuliza. Mtaguso wa Pili wa Nisea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 787, ulikwisha kufundisha kwamba heshima inayotolewa kwa picha takatifu humwendea yule aliyechorwa. Mama hakusoma mitaguso, lakini novena yake ya Jumanne, sala zake kwa Antoni, hakuikosa, na ulipopotea sokoni ungali mdogo, ni Antoni, anayeombwa kutafuta vilivyopotea, aliyemwita kabla ya kumwita Baba. Watu husema nimejitia Uitalia. Sijajitia chochote: katika nchi hii ambako parokia yangu haina mtu anayelijua jina la Mama, nilikuta barabara nzima ikimwimbia mtakatifu wake, nikaingia kwenye msafara kwa sababu ulikuwa wangu pia, na mtoto wangu nitampeleka tena mwaka huu.

Tangu siku ile ananiuliza kama bibi yake alikuwa akiabudu masanamu. Wewe ni mama yake mkubwa, na neno lilitoka kinywani mwako. Jioni huwa yuko nyumbani, mpigie umjibu.