Ticha, yule dogo kauliza swali la maana

Ticha mambo,

Voice note yako nimeisikiliza mara mbili, ya pili nikiwa kwenye foleni nikacheka peke yangu watu wakanigeukia. Eti umewaambia fomu siksi kuna kompyuta inafanya hesabu kwa atomi moja moja, dogo mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, "sasa sir, atomi ikidondoka katikati ya hesabu inakuwaje?" na wewe ukasema tutaendelea kipindi kijacho. Umekimbia Ticha! Ila usijali, swali hilo hilo limewatoa watu jasho miaka kibao.

We waanzishie na mfano wa bao. Unachukua chumba kidogo cha kioo, unanyonya karibu hewa yote, unaingiza mvuke kidogo wa rubidi, aina ya metali. Atomi zinakimbia kama mita 300 kwa sekunde, unazipiga leza kutoka kila upande mpaka zinatulia, zinapoa karibu kabisa na nyuzi -273 na hakuna friji hapo, ni mwanga tu. Alafu unaleta miale ya leza iliyobanwa ikawa nukta nukta, kila nukta ni kibano kinachoshika atomi moja, ndo shimo lako la bao hilo. Shida ni kwamba ukizitupa hivyo kete, karibu nusu ya mashimo yanabaki matupu, kwa hiyo kamera inapiga picha, kompyuta ya kawaida inaona wapi pako wazi, vibano vingine vinabeba kete toka kwingine kuja kujaza. Huo ujanja wa kupanga ulionyeshwa 2016, Ufaransa na Marekani karibu wakati mmoja.

Na zinaongeaje? Unaipiga leza atomi mpaka elektroni yake ya nje inaenda mbali sana, atomi inavimba karibu mara elfu, wanaita hali ya Rydberg. Sasa ni kama abiria aliyetanua mapaja kwenye siti ya daladala, wa pembeni hata akitaka kutanua hawezi. Hesabu yote inajengwa juu ya hiyo "wewe ukivimba mimi sivimbi".

Turudi kwa dogo. Kete kweli zinadondoka, molekuli moja ya hewa iliyobaki ikiigonga imeenda, na kila operesheni nayo inapoteza mbili tatu. Zamani ilikuwa unacheza mpaka ubao umepungua, unamwaga zote, unaanza upya. Ila Septemba 2025 kundi la mwanafizikia Mikhail Lukin pale chuo cha Harvard, Marekani, wakachapisha mashine ya kyubiti 3,000 (kyubiti ni kipande kimoja cha taarifa, hapa kila atomi inabeba moja) iliyokaa zaidi ya saa mbili bila kusimama, siri yake ni ghala! Kama kwenye namua bana, ile awamu ya kwanza ya bao, kete zipo pembeni, leza inazisafirisha kama mkanda wa kiwandani, inaingiza atomi hadi 300,000 kwa sekunde bila kuziharibu zile zinazoendelea na mchezo. Mwambie huyo dogo swali lake limekuja na jibu la juzi juzi tu.

Ila usiwadanganye na idadi, hapa ndo watu wengi wanapigwa changa la macho. Mwezi huo huo chuo cha Caltech, Marekani, nao walionyesha atomi 6,100 za sesi (metali nyingine) zimeshikwa pamoja, safi sana, lakini kuzishika na kuzifanyisha kazi ni vitu viwili. Mi naangalia makosa. Mwaka 2023 hao hao wa Harvard walichukua atomi 280 wakapata kyubiti 48 zinazolindana, yani kadhaa zinabeba taarifa moja ili moja ikikosea wenzake waishtukie, na hata hapo kwenye hizo 48 ilikuwa zaidi kugundua kosa kuliko kulisahihisha. Na ni mashine za polepole mno ukizilinganisha na zile za Google na IBM ambazo kyubiti zake ziko kwenye chipu, hilo hawalipigii kelele kwenye matangazo.

Faida kwa watu wa kawaida? Mi sisemi itatibu kansa kesho. Kinachoeleweka ni kuigiza kemia na vifaa vipya, manake atomi zake zinafuata sheria hizo hizo za mashine hii. Ukitaka waone kwa nini kompyuta zetu za kawaida zinachemsha zikijaribu kuiga kyubiti, kila kyubiti ikiongezeka taarifa ya kutunza inajidabo, kyubiti 30 tu ni kama giga 17 za ramu. Nimejaribu kwenye laptop yangu ya giga 8, ilipofika 27 feni ikalia kama mashine ya kusaga, nikazima mwenyewe kabla haijanizimikia. Kuigiza zile enzaimu (protini za kuendesha kemia) za bakteria zinazotengeneza mbolea toka hewani bila joto la kiwandani kunahitaji kyubiti nyingi kuliko hapo mbali sana, na mkulima anayelalamika bei ya mbolea ndo angefaidi siku ikieleweka.

Kinachonipa moyo ni kwamba mlango haujafungwa. Pulser ya Pasqal, kampuni ya Ufaransa, ni programu ya bure ya lugha ya Python, unapanga atomi zako kwenye skrini unazipiga leza za kuigiza. Mashine yenyewe kuna Aquila ya QuEra, kampuni ya Marekani, atomi 256, iko kwenye mtandao wa Amazon tangu Novemba 2022, ila unalipia na kadi yangu ilikataliwa mara tatu, benki wananiambia nijaze fomu. Fomu ya nini sijui.

Wape na hii, mwanafizikia Cohen-Tannoudji aliyepata Nobel 1997 kwa kupoza atomi kwa leza kazaliwa Constantine, Algeria, na mwanafunzi wake Haroche, Nobel 2012, kazaliwa Casablanca. Wale wa nyuma wataamka.

Nimekuwekea Pulser kwenye flash na mifano ya atomi 9, hata zile kompyuta zenu za maabara zitaiweza. Naituma kwa basi Ijumaa, we nitajie tu konda wa kumpa. Na bao langu ulilochukua Pasaka lirudi, zile kete mbili zilizopungua najua uliziangusha wewe.

Wako,
Yule yule