Bili ya WRX ya zamani: ghali kihalali au umepigwa?

Swali tunaloletewa sana na wenye Subaru Impreza WRX za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ni la bei. Gereji moja imetaja kiasi fulani kubadilisha gasketi za hedi (viziba vya kati ya bloku ya injini na hedi, yaani kifuniko cha silinda), nyingine imetaja nusu yake, na mwenye gari anataka tumwambie nani mwizi. Kwa namba peke yake hatuwezi kujua. Tunachoomba ni karatasi ya makadirio: wamepanga kufungua nini, kupima nini, kubadilisha nini, na kipi kitarudishwa kama kilivyo.

Injini ya gari hilo ni EJ20 yenye tabo (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini). Silinda zake nne zimelala, mbili kushoto, mbili kulia. Kwa hiyo hedi ni mbili, gasketi za hedi mbili, na kamshafti nne (shafti zinazofungua vali) zinazozungushwa na taimingi belti moja. Hedi zenyewe zimebanana na bodi pande zote, hivyo kazi safi tunaifanya injini ikiwa nje. Hapo ndipo gharama ya ufundi inapopanda. Ukilinganisha bili hiyo na aliyolipa shemeji yako kwa IST, ambayo ina hedi moja iliyokaa juu, unalinganisha kazi mbili ambazo hazifanani.

Sasa turudi kwenye ile bei ya nusu. Mara nyingi kilichopunguzwa ni mashine. Hedi ni za aluminiamu; gari likishachemsha, zinaweza kupinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni. Zisipopelekwa mashine kupimwa na kusawazishwa, gasketi mpya inakaa juu ya uso uliopinda, na utarudi gereji kulipia kazi ileile upya. Kwa upande mwingine, usishangae kuona taimingi belti, wota pampu na tensiona (kikaza belti) kwenye karatasi wakati wewe ulilalamikia gasketi tu. Vyote vinafikiwa kwa kazi hiyohiyo, ufundi wake umeshaulipia. Wota pampu inazungushwa na hiyo belti. Ikikwama inaweza kuitoa, na belti ya EJ20 ikitoka injini ikiwa inazunguka, vali hugonga pistoni.

Klachi ina utetezi wake pia. Injini ikishatoka, klachi inaonekana kwa macho na unaweza kupimiwa ukiwa umesimama hapo. Lakini tabo mpya na rejeta mpya zikiingizwa kwenye bili bila wewe kuonyeshwa kasoro, kataa mpaka uonyeshwe.

Na hata kabla ya hayo, nani kasema ni gasketi? WRX ikichemsha, huenda ni hewa iliyobaki kwenye njia za maji baada ya kujaza kulanti ovyo, au mfuniko wa rejeta uliochoka, au feni. Mjini hapa kuna tabia ya kung'oa themostati (vali inayodhibiti mzunguko wa maji ya injini) kama dawa ya kuchemsha, tabia inayoficha ugonjwa na kuuacha ukue. Kuna kipimo rahisi: kimiminika cha buluu kinawekwa juu ya rejeta injini ikiwa inanguruma, na gesi ya moshi ikiwa imeingia kwenye maji, rangi inageuka njano. Kingine ni kupima mgandamizo wa kila silinda. Vipimo hivi tunavitoza, na vinaandikwa kwenye bili kwa jina lake. Gereji inayopima bure huwa inajirudishia kwenye spea, kwa cha juu.

Kuhusu taimingi belti, kuna ushahidi ambao wengi wanaupita. Magari mengi yaliyotoka Japani yana stika ndani ya boneti au pembeni mwa mlango iliyobandikwa na gereji ya kule belti ilipobadilishwa, ikiwa na tarehe na kilomita. Mwaka unaweza kuwa umeandikwa kwa kalenda yao: Heisei 26, au H26, ni 2014. Kwa kawaida belti hii hubadilishwa kila kilomita 100,000, na umri nao huihesabia hata gari likikaa tu. Soma stika hiyo, kisha tazama dashibodi. Stika ikisema 98,000 na dashibodi inasoma 76,000, una mazungumzo mengine kabisa na aliyekuuzia.

Wateja wengine hupima haki ya bili kwa bei ya gari: "Yaani matengenezo yafike theluthi ya thamani yake?" Bei ya gari inashuka kila mwaka, lakini hedi haikuwa rahisi zaidi kuing'oa kwa sababu gari limezeeka, boliti zenye kutu zinaifanya iwe ngumu zaidi. Wengine hutukumbusha kwamba Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akafanya hivyo 2000, eti gari halifi. Sawa, ila kina McRae walikuwa na kikosi cha mafundi na spea kinawasubiri njiani.

Injini ikianza kugonga chini, hesabu inabadilika. Beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki, shafti kuu ya injini) zikishaliwa, vipande vya chuma vimeshasambaa na oili hadi kwenye kipoza oili na tabo. Makadirio yanayotaja beringi tu, bila kupima krenki wala kusafisha njia zote za oili, ni ya bei rahisi kwa miezi michache. Hapo injini ya mtumba kutoka Japani inaweza kuwa nafuu kuliko oveholi, na tutakuambia hivyo hata kama kazi yetu inapungua. Hakikisha tu namba ya aina ya injini inalingana na ya ile iliyokuwemo: EJ20 ni familia kubwa, na ile ya Legacy yenye tabo mbili haiingii hivihivi kwenye WRX. Ipimwe mgandamizo kabla hujalipa yote.

Kwetu, spea, ufundi na kazi ya mashine vinaandikwa mistari tofauti, risiti za spea unapewa, na vilivyotolewa vinarudi nawe kwenye boksi. Ukitaka makadirio, lete gari asubuhi injini ikiwa baridi, usiioshe injini kabla ya kuja, na usiongeze maji usiku uliotangulia. Tunataka kuona limepoteza kiasi gani.