Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Shaba ya Kirumi

Ndugu wanachama,

Nawashukuru kwa kufika. Hesabu atazisoma mhazini. Ada zimelipwa na chama hakidaiwi, kwa hiyo sitakaa hapo.

Mwaka huu tuliziweka kando sarafu za fedha na dhahabu, tukazikalia za shaba za Roma ya kale. Nimeufurahia uamuzi huo kuliko wowote tangu nishike kiti hiki. Dhahabu ilikuwa ya wakubwa; shaba ndiyo iliyofika kwa muuza mkate na kibarua. Mtu ambaye asingemwona kaizari maisha yake yote alimshika kiganjani kila siku: sura yake upande mmoja, na upande wa pili, mara nyingi, mungu wa kumsimamia.

Tulianza na sestertius ya kaizari Nero, bonge la sarafu la gramu 25 hivi, lenye hekalu la mungu Janus, milango imefungwa, ishara kwamba hakuna vita nchi kavu wala baharini. Lakini kikao kilichotuweka hadi magharibi ni cha Constantine, kaizari wa kwanza wa Roma kuufuata Ukristo. Tulizipanga sarafu zake mbili. Kwenye ya kwanza mungu Jua amesimama kama kijana mwenye taji la miali, mkono mmoja juu, mwingine umeshika tufe la dunia. Maandishi ni SOLI INVICTO COMITI: kwa Jua lisiloshindwa, mwenzi wa kaizari. Sarafu za namna hiyo ziliendelea kutolewa miaka kadhaa baada ya ushindi wake wa mwaka 312, ambao Wakristo waliuona ni wa Mungu wao.

Ya pili, ndogo kama ukucha wa dole gumba, ilitolewa chini ya wanawe baada ya kufa kwake mwaka 337. Amejitanda shela kichwani. Upande wa pili anapaa kwa gari la farasi wanne, na mkono unashuka kutoka juu kumpokea. Bado anaitwa DV, yaani divus, cheo kilekile walichopewa makaizari wapagani waliofanywa miungu. Sijaona kitabu kinachoeleza zama zile vizuri kama kipande kile cha shaba.

Nina jambo la kuungama. Sarafu ya Jua niliyokuwa nikiitunza niliisugua kwa ndimu na majivu, kama tusuguavyo sinia za shaba kuelekea sikukuu. Iling'aa, lakini neno COMITI lilitoka pamoja na kutu, na uso wa Jua ukabaki mtupu kama kokoto. Nawaomba radhi. Kutu ya kijani iliyoshikamana ndiyo ngozi ya sarafu, isiguswe. Ukiona unga wa kijani unaopukutika, hayo ni maradhi: itenge, iweke pakavu, umwarifu katibu. Hewa yetu ya pwani, kwa unyevu na chumvi yake, haina huruma na shaba.

Kamati inaomba mkutano uidhinishe ununuzi wa masanduku mawili yasiyopitisha hewa na vifuko vya kunyonya unyevu. Ile sarafu niliyoiharibu itakuwa mezani wakati wa chai, pamoja na lenzi. Naomba kila mmoja aishike.