Pono asichomwe usingizini

Ndugu Mhariri,

Tangu utotoni tunasikia mtu mzito wa kuamka ana usingizi wa pono, yule samaki wa mwambani. Mimi ni mvuvi wa dema, ule mtego wa kusukwa, hapa Jambiani, Unguja, na usingizi huo nimeuona kwa macho yangu. Usiku mmoja wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, nilimulika tochi kwenye pango la mwamba nikamkuta pono kajifunika ute mwembamba kama mfuko wa nailoni, chembe za mchanga zimenata juu yake. Nikamsogezea kidole hadi karibu na jicho. Hakutikisika. Baadhi ya pono hujitolea ute huo mdomoni kila usiku, na wataalamu wamebaini kuwa huwakinga na vidudu vinyonyavyo damu. Lakini ute hauzuii mkuki.

Hilo ndilo linaloniuma. Siku hizi vijana wanaingia mwambani usiku na tochi, wanachoma pono waliolala kama mtu anayeokota embe chini ya mti. Wanaanza na wale wakubwa wa buluu na kijani. Wengi hawajui kwamba huyo wa buluu aghalabu ni dume, na kwamba kabla ya hapo alikuwa jike mwenye rangi ya kahawia. Pono wengi huanza maisha wakiwa majike, baadaye mkubwa wao akageuka dume. Ukimuua, jike anayemfuatia kwa ukubwa hugeuka kushika nafasi yake, naye hatagi tena. Fanya hivyo kila mwezi, watabaki wadogo watupu.

Mpasue pono uone: utumbo umejaa unga mweupe. Ni mwamba ule! Mdomo wake kama wa kasuku hukwangua mwani juu ya mawe ya matumbawe, magego ya kooni yakasaga, mchanga ukatoka nyuma. Pono mkubwa wa aina fulani hutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Asipokwangua, mwani hutanda na tumbawe changa halipati pa kushika. Tangu matumbawe yapauke kwa joto la bahari mwaka 1998, tunamhitaji zaidi.

Naziomba kamati za wavuvi zipige marufuku tochi mwambani, na pono mwenye tundu la mkuki asinadiwe. Kijana atakayekosa riziki kwa hilo aje, ngalawa yangu ina nafasi ya mtu mmoja.

Wiki iliyopita dema langu lilitoa pono saba, hakuna aliyezidi kiganja changu. Niliwarudisha wote.

Mvuvi wa dema,
Jambiani, Unguja